Serikali ikikosea, mwanafunzi ndiye hulipa

Chukua familia mbili za Nairobi. Moja inaingiza shilingi 70,000 kwa mwezi, nyingine 70,001. Watoto wao wamefaulu KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na wote wawili wameitwa kusomea udaktari katika chuo kikuu cha umma, kozi iliyotangazwa kugharimu shilingi 612,000 kwa mwaka. Kwa mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu, ambao bendi zake za mwaka 2024 hupanga familia kwa mapato, familia ya kwanza imo bendi ya tatu na itajilipia asilimia 20 ya gharama, yaani 122,400. Ya pili imeangukia bendi ya nne, kwa hivyo itatoa asilimia 30, ambayo ni 183,600. Shilingi moja ya ziada mfukoni imeitoza familia hiyo 61,200 kwa mwaka, na udaktari husomwa miaka sita.

Mtetezi wa mfumo atasema hakuna mtu anayepata 70,001 kamili. Sawa. Ila jibu hilo linazidi kuuchimbia mfumo shimo, kwa sababu wakazi wengi wa jiji hili hawana mapato yoyote yaliyo kamili. Wana siku nzuri na siku mbovu, wana msimu wa shule kufunguliwa na msimu wa mvua, wana wiki ambayo kanjo, yaani askari wa jiji, wamebeba bidhaa. Halafu serikali inataka nambari moja, ya mwezi mmoja, na kwa nambari hiyo itaamua mtoto atadaiwa kiasi gani hadi akiwa mtu mzima mwenye watoto wake.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na wazo la kumpa zaidi aliye na kidogo. Ugomvi wangu ni na jinsi hasara inavyogawanywa. Mashine hii ikikosea hesabu, mwanafunzi analipa. Hazina Kuu ikichelewesha fedha, mwanafunzi analipa. Mahakama ikiufuta mfumo, kisha nyingine ikaurudisha, ni mwanafunzi anayekaa bwenini bila kujua anadaiwa kwa kanuni ipi. Sijaona ofisi yoyote kati ya hizi inayopoteza hata senti kwa kukosea.

Tulifikaje hapa? Kabla ya 1974 chuo kikuu kilikuwa bure, kwa sharti kwamba mhitimu atumikie serikali miaka isiyopungua mitatu. Mwaka huo ndipo mikopo ilipoanza. Mwaka 1991 likaja jambo la kugawana gharama, na 1995 Bunge likaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ambayo ofisi zake ziko Anniversary Towers, hatua chache kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. (Wazee wanaopenda kutusimulia mlo wa bure wa bwenini mara nyingi ndio hao hao waliokaa ofisini baadaye wakatuandikia kugawana gharama.) Kwa miaka mingi mwanafunzi wa serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na HELB ikimkopesha kati ya 35,000 na 60,000.

Nambari hiyo ya 16,000 ilikuwa uongo mtamu. Masomo hayakuwahi kugharimu 16,000. Tofauti ilifidiwa na wanafunzi wa kujilipia, mpango ulioanza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1998, ambapo mzazi mwenye uwezo, au mwenye shamba la kuuza, alinunua nafasi kwa bei ya soko. Kisha ukaja mtihani wa 2016. Wizi wa mitihani ulipobanwa, waliopata alama ya C+ kwenda juu, ambayo ndiyo ya kuingilia chuo kikuu, walishuka hadi 88,929. Serikali ikaweza kuwapa nafasi wote, wengine ikawapeleka hata vyuo vya binafsi kwa fedha za umma, na soko la wanaojilipia likakauka. Hapo hapo serikali ilikuwa imeahidi kubeba asilimia 80 ya gharama ya kila kozi, lakini kilichofika vyuoni kikaporomoka hadi karibu nusu. Vyuo vikaanza kuishi kwa madeni: makato ya pensheni ya wafanyakazi hayapelekwi, kodi ya mapato hailipwi, wahadhiri wanagoma.

Ndiyo maana siwafuati wanaodai turudi tulikotoka. Ule mfumo wa kale ulimtoza mtoto wa Lavington 16,000 na mtoto wa Mukuru kwa Njenga 16,000. Huo haukuwa usawa. Ulikuwa ruzuku kwa matajiri, iliyolipwa na kodi ya maskini anayenunua unga na mafuta ya taa. Idadi nayo haiturudishi nyuma, kwani waliopata C+ na zaidi katika KCSE ya 2024 walikuwa 246,391. Rais Ruto alipozindua mfumo mpya Mei 2023, kiini chake kilikuwa sahihi: tenganisha ufadhili usiolipwa na mkopo, pima uwezo wa familia, fedha zimfuate mwanafunzi.

Mfumo ulipoanza ulikuwa na makundi manne, na makundi mawili ya chini yaligharimiwa masomo kwa ukamilifu, sehemu ufadhili na sehemu mkopo, bila familia kutoa chochote. Mwaka uliofuata zikaja bendi tano. Tazama bendi ya kwanza, ya familia zisizozidi mapato ya shilingi 5,995 kwa mwezi. Ufadhili asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Asilimia tano inasikika kama kitu kidogo, mpaka uiweke kwenye udaktari: shilingi 30,600 kwa mwaka. Familia yenye 5,995 kwa mwezi hupata 71,940 mwaka mzima, na hapo ni pale ambapo hakuna mwezi ulioharibika. Tunaitaka itoe zaidi ya asilimia 42 ya kila kitu ilichopata, wasile, wasilipe kodi ya nyumba, wasiugue. Aliyekaa akapanga asilimia hizo hakupiga hesabu hii, au aliipiga akanyamaza. Sijui lipi ni baya zaidi.

Sasa njoo kwenye fomu yenyewe. Wiki ambazo mtandao wa maombi umefunguliwa, saiba, vibanda vya intaneti, za Githurai na Kawangware hujaa. Ukutani kuna karatasi ya bei: KRA (mamlaka ya kodi), cheti cha mwenendo mwema, HELB. Nilimtazama kijana wa saiba akimjazia mama mmoja muuza mboga aliyekuja na bintiye.

"Mama, kwa mwezi unapata ngapi?"

"Inategemea, mwanangu."

"Inategemea na nini?"

"Mvua. Kanjo. Wateja wakilipwa."

"Sasa nikuandikie ngapi?"

"Wewe unaonaje?"

Kijana akafikiri kidogo, akaandika. Maombi ya serikali yenye thamani ya mamia ya maelfu yalipimwa hivyo, kwa kukisia, na mtu ambaye kazi yake ni kupiga chapa na kutoa kopi. Kosa si lake, wala si la mama. Ebu tukadirie: muuza mboga anayeuza bidhaa za 2,500 kwa siku, siku 26, amepitisha mikononi 65,000 kwa mwezi. Faida yake ikiwa 400 kwa siku, kilichobaki ni 10,400. Ukiandika mauzo, ameingia bendi ya tatu. Ukiandika faida, ni bendi ya pili. Kwa kozi ya 200,000, huo ni mchango wa 40,000 au wa 20,000. Mwanamke ni yule yule na kibanda ni kile kile. Na M-Pesa yake, kama kuna anayeichungulia, itaonyesha mauzo.

Upande wa pili yuko mwalimu. Mapato yake yanaonekana hadi senti, kwa hivyo hana pa kujificha. Lakini sheria yetu ya ajira huruhusu makato yafike thuluthi mbili ya mshahara, na walimu wengi wanakaribia mstari huo kwa mikopo ya Sacco, ambayo mara nyingi ilichukuliwa kusomesha mtoto mkubwa. Ukitazama mshahara kabla ya makato unaona mtu wa kipato cha kati. Ukiangalia kinachofika benki unaona mtu anayekopa unga dukani tarehe kumi na tano. Mwenye nyumba za kupangisha mtaa wa Pipeline, anayepokea kodi kwa pesa taslimu, huenda akaonekana maskini kuliko huyo mwalimu. Sijasema wote hudanganya. Nasema mfumo unamwona vizuri zaidi yule ambaye tayari ameonekana.

Kuna pia mtego wa shule. Mojawapo ya mambo yanayotazamwa ni shule uliyosomea. Lina mantiki yake, kwani aliyelipia akademia ya bei ghali pengine anajiweza. Lakini mtoto wa Kibra aliyepita vizuri darasa la nane akachukuliwa na mfadhili, akalipiwa shule ya kitaifa miaka minne, anafika chuoni akiwa na alama ya shule ya wakubwa na nyumba ile ile ya mabati. Mfadhili alifunga mkoba siku ya mtihani wa mwisho. Kama kompyuta inaona shule bila kuuliza nani alilipa, imemwadhibu kwa kusaidiwa.

Je, kila kipimo kina uzito gani? Mwanafunzi akiwekwa bendi ya nne anaonyeshwa bendi, haonyeshwi hesabu. Haambiwi kwamba shule ilimwongezea pointi kadhaa na ndugu zake watatu wanaosoma walimpunguzia kadhaa. Ukikata rufaa huku hujui ulihukumiwa kwa nini, utaandika tu "naomba mnifikirie". Nadhani hili ndilo jambo rahisi kuliko yote kurekebisha, na ndilo lisiloguswa, kwa sababu hesabu ikiwekwa wazi itabidi mtu aitetee.

Malalamiko ya Agosti 2024, wanafunzi walipotishia kuingia barabarani, yalizaa kamati ya watu zaidi ya mia moja, darasa zima. Tarehe 20 Desemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akaamua kwamba mfumo unakiuka Katiba: unabagua, na umma haukushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Mwanasheria ataona hapa mjadala mzuri. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaona kitu kingine kabisa: ukurasa wa karo unaobadilika kila akiufungua, na chuo kinachomwambia alipe kwanza, mengine yatajulikana baadaye.

Chuo nacho kina lake. Hakiwezi kungoja rufaa imalizike kwa sababu kinangojewa na mwenye kuuza chakula, kampuni ya umeme na mhadhiri. Kwa hivyo kinafanya kinachoweza, ambacho ni kumbana aliye karibu. Hujalipa, hujajisajili. Hujajisajili, jina lako halimo kwenye orodha ya mtihani. Vyuo vingine hutoza na faini ya kuchelewa kujisajili. Mtoto ambaye ombi lake limekubaliwa, ambaye serikali yenyewe imesema inamdhamini, anatozwa faini kwa sababu serikali hiyo haijatuma pesa.

Fedha za kujikimu zina kasoro ambayo ni ya Nairobi hasa. Bendi ya kwanza hupewa mkopo wa 60,000 kwa mwaka, bendi ya tano 40,000. Kiwango hufuata bendi, hakifuati mji. Ukigawa 60,000 kwa miezi minane ya masomo unapata 7,500 kwa mwezi. Mahali pengine nchini utapanga chumba, ununue unga, sukumawiki na mafuta, na kitu kibaki. Huku, karibu na Kahawa au Ngara, bedsita, chumba kimoja, peke yake inaweza kuzimeza zote, na hujapanda matatu. Vitanda vya bwenini havitoshi, na kila mtu anajua. Kwa hivyo wanalala wanne kwenye chumba cha mmoja, au wanaendesha boda usiku, au wanasajili laini za simu mitaani saa za mihadhara. Mzazi wa kijijini akisikia mwanawe yuko Nairobi na amelipwa HELB huona mambo yamenyooka.

Pengo hilo huzibwa na basari. Na hapa wasomaji wengi hawatakubaliana nami. Kuna NG-CDF, hazina ya maendeleo ya eneo bunge, kwa mbunge, kuna hazina ya mwakilishi wa wanawake, kuna ya kaunti inayopita kwa wadi. Kila moja ina fomu yake, kila fomu inataka barua ya chifu, barua ya kuitwa chuoni, orodha ya karo, nakala ya kitambulisho cha mzazi au cheti cha kifo chake. Mwanafunzi yatima wa Dandora hupiga kopi cheti cha kifo cha babake mara nyingi hadi maandishi yanafifia. Mwishowe anapata 5,000 hapa na 8,000 kule, kwenye hundi iliyopigwa picha na mheshimiwa. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilitangaza sheria ya NG-CDF ya 2015 kuwa kinyume cha Katiba na kuipa hazina hiyo muda hadi 30 Juni 2026. Wabunge walilia, na wazazi wengi walilia pamoja nao.

Wazazi nawaelewa. Ofisi ya mbunge ina mlango. Unaweza kwenda, ukakaa kwenye benchi, ukasema nyumba yangu iliungua mwezi jana, na aliye mbele yako anajua ni kweli kwa sababu moshi aliuona. Mtandao wa maombi hauna benchi. Lakini dawa si kumwachia mheshimiwa mkoba. Unganisheni fedha zote hizo kwenye kapu moja la elimu ya juu, kisha chifu, mzee wa nyumba kumi na afisa wa wadi wapeni kazi wanayoiweza: kushuhudia rufaa. Mwanafunzi akisema bendi yake si sahihi, watu watatu wa mtaa wake waulizwe, kwa maandishi, ndani ya siku kumi na nne. Nakubali chifu wa Nairobi, mwenye wapangaji wanaohama kila mwezi, hawajui watu wake kama chifu wa Kitui. Bado anawajua kuliko kompyuta iliyopewa nambari ya kukisia saiba.

Nimeacha mkopo mwisho, na pengine ungestahili kutangulia. Rudi kwa yule wa bendi ya tatu anayesomea udaktari. Asilimia 30 ya karo yake ni mkopo, 183,600 kwa mwaka. Ongeza 50,000 za kujikimu. Kwa miaka sita amekopa 1,401,600, kabla ya riba ya asilimia 4. Mtangulizi wake wa mfumo wa kale, hata akikopa kiwango cha juu cha 60,000 kila mwaka, angetoka na deni la 360,000. Ufadhili ulipotangazwa, wanasiasa walizungumzia sana ile sehemu isiyolipwa. Kuhusu hii nyingine walipita haraka.

Deni hilo linaanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Asiyelipa hutozwa adhabu ya 5,000 kwa mwezi na jina lake linaweza kupelekwa kwa mashirika ya kukagua mikopo. Na akitaka kazi ya serikali, mojawapo ya karatasi anazodaiwa ni cheti cha HELB. Daktari mchanga aliyemaliza mafunzo ya hospitali na hajaajiriwa, na tunao wengi, anaadhibiwa kwa kukosa kazi ambayo mwajiri wake mkubwa ni huyo huyo anayemwadhibu. Nchi nyingine, Uingereza na Australia zikiwamo, hukata mkopo wa masomo kulingana na mapato: usipofikisha kiwango fulani hukatwi, ukipita unakatwa asilimia. KRA tayari ina nambari ya mlipakodi ya kila mhitimu. Kazi ya kuwasiliana na HELB si ya kurusha setilaiti.

Wanaoogopa kwamba wenye kazi za jua kali watakwepa wana hoja, lakini hao hawalipi hata leo. Adhabu ya 5,000 haijawafanya walipe. Imewafanya wabadilishe nambari za simu.

Kwa muhula ujao hakuna haja ya kungoja kamati nyingine wala hukumu nyingine. Chuo kikuu cha umma kinaweza kuagizwa kwa waraka wa ukurasa mmoja kwamba mwanafunzi mwenye rufaa isiyoamuliwa, au mwenye ufadhili uliokubaliwa ambao pesa zake hazijafika, anasajiliwa na anafanya mtihani kama wenzake. Kama kuna faini ya kuchelewa, itozwe, sina neno. Bili yake ipelekwe jengo la Hazina Kuu, Harambee Avenue, ikiwa na tarehe ya mwisho ya kulipa.